Mdomo wa Samaki Kwanza, Mkebe Baadaye

Nakuru, Jumapili mchana

Mwanangu Yusufu,

Sikuulizi hali, kwa sababu nakusikia hapo nje ukipuliza makaa ya pasi na kubishana na jirani juu ya kola ya shati. Hali yangu nayo umeiona mwenyewe asubuhi kanisani. Barua hii nitaitia ndani ya sanduku lako, na utaisoma ukifika Naivasha, si kabla. Anayeiandika ni dada yako Rodah, maana mimi kalamu inanishinda nikishamaliza jina langu. Mimi nasema, yeye anaandika. Amenionya kwamba atanisahihisha Kiswahili. Nimemwambia asahihishe maneno tu, mambo ayaache yalivyo.

Sitakuambia habari za kufua, wala za kusali, wala za marafiki wa kuepuka. Hayo nimeyasema tangu ulipokuwa ukitambaa, na kama hayajakuingia, karatasi haitayaingiza. Nataka kukuambia habari ya chakula cha samaki.

Sababu unaijua. Bwana wa hoteli alisema mbele yetu sote wawili kwamba atakujaribu mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, ikiwa samaki wa lile tangi la kioo kwenye chumba cha kulia wako hai na maji ni safi, kazi ni yako. Wakifa, unarudi Nakuru kama wale vijana wawili waliokutangulia. Tena kuna jambo ambalo hapa nyumbani hatulisemi kwa sauti. Ukipata kazi, Rodah ataendelea na shule mwakani. Usipoipata, atakuja kufua nguo pamoja nami kule Milimani. Hapa Rodah ameinua kalamu akaniangalia. Nimemwambia aandike. Sisemi ili kukutwika mzigo. Nasema kwa kuwa unalijua tayari, na sipendi uende ukidhani mimi silijui.

Uliporudi kutoka kuiona kazi, ulikaa pale kwenye kigoda ukaniambia, "Mama, chakula si shida. Kuna mikebe mitano kwenye rafu, mmoja mkubwa karibu kama debe. Nitawalisha mpaka washangae."

Ulikuwa unacheka. Mimi sikucheka, na ukaniuliza kama naumwa na jino. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nakumbuka.

Mimi nilizaliwa shambani upande wa Kiamunyi, baba yangu akichunga ng'ombe wa Mzungu. Kwetu samaki hakuwa chakula wala mnyama wa kufuga. Nilipoajiriwa Milimani nilikuwa sijawahi kumwona samaki aliye hai, na siku ya kwanza Memsabu, yule mama wa Kizungu mwenye nyumba, alinipeleka barazani akanionyesha wanne, wa rangi ya dhahabu, wakizunguka ndani ya kioo. Akasema kwa Kiswahili chake, "Zipora, wewe nalisha hii. Asubuhi kidogo. Jioni kidogo."

Kidogo ni kiasi gani? Kwetu mgeni akimaliza kilichomo bakulini na bakuli likabaki tupu, aibu ni ya mwenye nyumba. Unaongeza mpaka aache. Nami nikawaangalia wale samaki, nikaona wanakuja mbio kila ninapokaribia, midomo inafunguka na kufungika. Nikasema hawa wana njaa. Nikatia konzi. Wakala, wakarudi tena na midomo ile ile. Nikaongeza. Nilikuwa nangoja waache.

Samaki haachi, Yusufu. Nilijifunza hivyo kwa kuona maji yakigeuka kama maji ya kuoshea mchele. Chakula kilichobaki kilizama kwenye changarawe, kikaoza, na harufu ikafika mpaka jikoni. Mpishi wetu, Mzee Ojwang, alitoka na mwiko mkononi kuja kuangalia.

"Mama, unapika nini humu?" akaniuliza.

"Nawalisha tu."

"Kwetu ziwani samaki ndiye anayemlisha mtu. Ninyi watu wa ng'ombe mnataka kumnenepesha mumchinje Krismasi?"

"Wanaomba, Mzee. Tazama midomo."

"Hata mtoto wa mzungu akiona chokoleti hufungua mdomo. Utampa duka zima?"

Memsabu naye aliona mkebe unakwisha upesi. Akaniita. "Zipora, chakula ya samaki namalizika. Nani nakula?"

"Samaki, Memsabu."

"Samaki ine nakula mkebe moja?"

Nilisema ndiyo, na ilikuwa kweli. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanionyesha jicho la samaki na kuniambia kwamba tumbo lake si kubwa kuliko jicho hilo. Jioni hiyo nilimtilia kila mmoja chembe chache, nikasimama pale na ndoo yangu. Kilichoelea baada ya muda mfupi nilikichota kwa kichujio cha chai. Tangu hapo nikashika kipimo hicho: kile wanachokimaliza kabla sijafika jikoni na kurudi. Siku moja katika juma siwapi kitu kabisa, na hakuna aliyewahi kufa kwa siku hiyo.

Lakini kupima ni nusu tu. Nusu ya pili ni kuchagua, na hapo ndipo nilipopata lile jina ambalo mjomba wako bado ananiita mbele za watu, Mama Magadi. Wewe hulicheka bila kujua lilikotoka, maana ulikuwa mdogo.

Memsabu aliagiza mkebe mpya kwa njia ya posta. Juu yake palichorwa samaki mnene, mwekundu, mzuri kuliko wetu. Mle ndani mlikuwa na punje ngumu kama mbegu za mtama. Nikawatilia. Samaki wakachukua, wakatema. Wakachukua tena, wakatema. Siku ya pili hali ni ile ile, siku ya tatu wakawa wanazizunguka tu. Nikaanza kuogopa. Nikajiuliza baba yangu angefanya nini. Ng'ombe anayekataa majani anatafuta chumvi. Hilo mtoto wa mchunga ng'ombe hafundishwi, anazaliwa nalo. Siku yangu ya mapumziko nikashuka mpaka ukingo wa ziwa hapa Nakuru, nikakwangua magadi meupe, ile chumvi wanayolamba ng'ombe, nikayatwanga vizuri, nikachanganya na chakula, nikawatilia. Nilifanya kazi hiyo nikiimba. Niliona nimekuwa daktari.

Asubuhi yake wawili walikuwa wanaelea kwa ubavu.

Nilidhani nitafukuzwa. Memsabu hakupiga kelele. Aliwatoa kwa kijiko, akaniuliza nimefanya nini, nami nikamwambia. Akavuta viti viwili mbele ya tangi. Kimoja chake, kimoja changu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kitini katika nyumba ile. Akasema, "Sasa naangalia. Hapana sema kitu." Tukaangalia wale wawili waliobaki. Akadondosha punje moja. Samaki akaja, akaitia mdomoni, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa na sikuwa na ndoo wala kitambaa, nikaona. Punje ilikuwa kubwa kuliko koo lake. Alikuwa anaitaka. Hakuweza kuimeza.

Siku tatu nilitafuta dawa ya samaki asiyetaka kula, na samaki alikuwa anataka. Memsabu naye aliona pale pale nami, akasema ni kosa lake pia, kwani alinunua picha ya kwenye mkebe. Tukazisaga zile punje kwa chupa, tukazilowesha kidogo kwenye kikombe ili zivimbe nje ya tumbo na si ndani yake, na wale wawili wakala.

Basi ukifika kwenye lile tangi la hoteli, usianze na rafu ya mikebe. Vuta kiti. Uliniambia kuna samaki wa aina tatu: wa dhahabu, wale wadogo wenye mistari, na weusi wenye ndevu ambao hukaa chini. Angalia midomo yao. Samaki ambaye mdomo wake umeelekea juu hula kinachoelea. Mwenye mdomo ulionyooka mbele hukimbilia kinachoshuka polepole katikati ya maji. Mwenye ndevu, mdomo wake uko chini kama wa ng'ombe malishoni, anangoja kilichofika kwenye changarawe. Ukitia chakula kinachoelea peke yake, wa juu watashiba na wale weusi watakonda huku kila mtu akisema samaki wote wamelishwa. Nafikiri hivyo ndivyo walivyokufa wengine pale. Mpishi wa hoteli alikuambia vijana wale walilisha sana, na kwamba waliokufa kwanza ni weusi. Kumbuka alivyosema.

Kabla ya kukitia chakula chochote ndani ya tangi, kijaribu kwenye glasi ya maji. Utaona kama kinaelea, kama kinazama, kama kinayeyuka na kuchafua maji. Vile vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu huelea kwanza. Wadudu wadogo waliokaushwa huelea pia, na samaki huwapenda sana, lakini Memsabu aliniambia sehemu kubwa ni maganda tu. Ni kama kumlisha mtu mahindi ya kuchoma kila siku. Wape mara moja moja. Biskuti iliyosagwa huwafaa wa dhahabu kwa kiasi, ila wakipewa hiyo tu hujaa upepo, wakaogelea kichwa chini. Wa dhahabu wanataka majani pia. Mimi hukausha mchicha juani juu ya bati, nausugua mikononi mpaka unakuwa unga. Wale weusi wape kinachozama, jioni, wengine wakishatulia, la sivyo watanyang'anywa.

Omena nayo, wale dagaa wakavu wa ziwani, inafaa. Mzee Ojwang ndiye aliyeniletea ya kwanza kutoka sokoni, akasema, "Hii ni ndugu yao, lakini hawatajua." Chagua isiyotiwa chumvi, pepeta mchanga, saga, chekecha. Ukisikia mtu yeyote anakushauri kutia chumvi, kumbuka jina langu.

Ule mkebe mkubwa kama debe usikufurahishe. Chakula kikavu kikifunguliwa kinaanza kuzeeka. Kinuse. Kizuri kinanuka samaki mkavu au nyasi kavu. Kilichoharibika kinanuka mafuta ya zamani, yale yaliyolala katika taa ya mtu mchoyo asiyeiwasha. Kikishikana vidole vikikiminya, unyevu umeingia. Mimi nilipoteza mkebe mzima wakati wa masika kwa kuuweka juu ya jiko, nikidhani pale ni pakavu, kumbe mvuke wa sufuria ulikuwa unaingia kila siku. Chota kidogo cha juma moja utie kwenye kikopo chenye kifuniko, ule mkebe mkubwa ufunge uuweke mbali na jikoni. Na ukibadilisha aina, changanya ya zamani na mpya siku kadhaa. Hata wewe ulipotoka kwenye uji kwenda ugali ulinitemea kifuani.

Rodah anasema ukurasa wa pili umejaa na nikiendelea hivi tutahitaji sanduku lingine. Nimemwambia bado.

Kuna wageni pia. Katika hoteli watu huja na watoto wao, na mtu hawezi kusimama mbele ya kioo bila kutaka kutupa kitu. Watatupa mkate, watatupa keki. Usigombane nao. Pima asubuhi chakula cha siku nzima, weka sehemu yake kwenye kisahani, na mtoto akitaka kulisha mpe hicho kisahani. Atafurahi, mama yake atafurahi, na samaki watakuwa wamekula haki yao na si zaidi. Bwana akikuambia ongeza ili wageni waone wakikimbilia, mwambie, "Ndiyo Bwana, saa kumi nitalisha tena," halafu saa kumi uwape ile sehemu uliyoitenga. Mwambie wazi kwamba umeitenga. Usimfiche. Watu wanaoajiri wenzao hupenda kujua mtu ana sababu.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na ndilo lililonifanya nimkalishe dada yako mezani badala ya kumwacha aende kwaya.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka saba. Ulikuwa huli. Watu walikuja, wakalia, wakaondoka, na wewe ulikaa karibu na mlango ukitazama njia ya reli alikozoea kutokea. Mimi nilikuwa na hofu nyingi ambayo sikujua pa kuiweka. Nikapika. Nikakaa mbele yako na bakuli nikasema maliza. Ukala. Nikapakua tena nikasema maliza. Ulikula kwa sababu uliniona usoni, si kwa sababu ulitaka, na usiku ulitapika mpaka shangazi yako akaniuliza, "Unamlisha mtoto au unajilisha wewe?"

Nilimkasirikia kwa mwaka mzima. Lakini alikuwa ameona. Nilitaka kukuona ukitafuna ili mimi nitulie. Njaa iliyokuwa mezani haikuwa yako.

Nilipoanza kufikiria safari yako, niliona jambo hilo hilo likikungoja Naivasha. Utakuwa peke yako mbele ya tangi. Utakuwa unahesabu mwezi. Samaki mmoja atakaa kona moja bila kusogea, na utaogopa. Mkono wenyewe utakwenda kwenye mkebe, maana mtu akiogopa hutaka kufanya kitu, na pale kitu cha kufanya kilicho karibu ni kulisha. Utatia. Watakuja mbio, midomo wazi, na utatulia kidogo. Halafu utatia tena. Hofu kama hiyo ndiyo iliyonipeleka mimi kwenye magadi nikaua, na sidhani wale vijana wawili walikuwa wavivu. Nadhani waliogopa.

Basi ukisikia hofu, usiguse chakula. Badilisha sehemu ya maji. Safisha kioo. Kaa kwenye kile kiti utazame tu. Samaki mgeni, au aliyesumbuliwa, anaweza kukaa siku moja au mbili bila kula na hana ugonjwa wowote. Mwache. Kungoja nako ni kazi, ingawa hakuna mtu atakayekuona ukiifanya, na Bwana akipita anaweza kudhani umezubaa. Hilo livumilie.

Pengine utafanya yote haya na bado wafe. Maji ya Naivasha siyajui, na tangi lile ni kubwa kuliko lolote nililowahi kulisafisha. Wakifa, mwambie Bwana siku hiyo hiyo, mwambie ulitia nini na kiasi gani. Kisha rudi nyumbani mchana, upitie njia kuu, sanduku mkononi, uwasalimie majirani kama mtu aliyetoka safari. Usije usiku kwa uchochoro. Hakuna atakayekuuliza neno hapa mpaka umeoga. Mimi na Rodah tutakaa chini tutafute njia nyingine ya shule, kama tulivyotafuta ya kwanza. Nimelisema hili mbele yake na ameliandika kwa mkono wake, kwa hiyo tumeshakubaliana.

Umemaliza kupiga pasi, naona unakunja shati vibaya. Sitatoka kulikunja upya.

Mama yako,
Zipora

Mama ameniruhusu kuandika mstari wangu mwenyewe na amesema hatausikia. Kaka Yusufu, tafadhali, usiwaongezee chakula kwa ajili yangu.

Rodah